Harufu ya mkojo wa mbwa uani imerudi na mvua za kwanza: niitoeje kabisa?

Mama wa Chuno (Mtwara)

Habari zenu ndugu zangu. Ninaomba msaada wenu kuhusu jambo ambalo limeninyima raha tangu mvua zilipoanza hapa Mtwara, nami nitalieleza kwa urefu kidogo ili atakayenijibu aijue hali ilivyo.

Tunaishi Chuno, katika nyumba yenye ua wa hatua kama kumi na mbili kwa kumi na tano. Sehemu ya ua iliyo karibu na mlango wa jikoni imesakafiwa kwa saruji, na iliyobaki ni udongo wa kichanga. Tuna mbwa wawili wa ulinzi, dume na jike, tuliowachukua baada ya kuibiwa mara mbili, na leo wamekuwa sehemu ya nyumba yetu. Banda lao liko upande wa kaskazini wa ua, limeegemea ukuta unaotutenganisha na bibi mmoja jirani yetu, ambaye kila jioni hutandika mkeka barazani kwake akasali na kupumzika hapo.

Mwezi wa sita, upepo wa kusi ulipokuwa unavuma kwa nguvu, bibi huyo alimtuma mjukuu wake atuambie, kwa lugha ya upole sana, kwamba harufu ya mbwa inamfikia alipoketi. Nilikwenda kumwomba radhi mwenyewe, na tangu siku hiyo tukawa tunamwaga ndoo mbili za lita 20 kuzunguka banda kila asubuhi. Harufu ilipungua, nikadhani yamekwisha. Mvua ziliponyesha mwezi wa kumi na mbili, harufu ilirudi kwa ukali ambao sikuwahi kuuona, na safari hii inaingia mpaka jikoni kwetu. Ikinyesha usiku, asubuhi nikifungua mlango macho yananiwasha kabla sijashuka kizingiti.

Nimejaribu mambo matatu. Nilimwaga majivu ya kuni kama watu wanavyofanya chooni, na baada ya saa chache harufu ikazidi. Kisha nilimwaga dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe juu ya sakafu iliyokuwa bado na mkojo, nikapigwa na hewa iliyonibana kifua, nikakohoa kwa zaidi ya nusu saa, na ikanibidi nimtoe mtoto nje kwa mlango wa mbele. Sikurudia tena. Mwisho nilitumia dawa ya sakafu yenye marashi, lakini hiyo ilizifanya harufu kuwa mbili.

Ninachotaka kujua ni kwa nini mvua, ambayo nilitarajia isafishe, ndiyo inayorudisha harufu, na nifanye nini kwa upande wa udongo na kwa upande wa saruji. Mume wangu anasema ikifika mwisho wa mwezi ujao hali ikiwa hivi hivi tuwatoe mbwa wote wawili, nami sipendi tufike huko kabla sijajaribu kila linalowezekana.

Mkulima wa Tandahimba

Pole sana dada. Huku kwetu nyumba nyingi zina salfa iliyobaki baada ya kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, na nimewaona watu wakiinyunyiza uani wakisema inaondoa harufu na kufukuza nyoka. Maganda ya korosho nayo hupatikana kwa urahisi kwa wabanguaji, ukiyatandaza kuzunguka banda yatazuia tope. Ungeanza na hivyo kwa kuwa havina gharama.

Mstaafu wa Mifugo (Lindi)

Pole, binti yangu. Nilifanya kazi ya mifugo katika mkoa wa Lindi kwa miaka mingi, na malalamiko ya namna hii nimeyasikia kila mwaka mvua zinapofungua, kwa hiyo usidhani kwamba ni uchafu wa nyumba yako peke yako.

Naomba kwanza, kwa heshima zote, nitofautiane na ndugu yetu wa Tandahimba, kwa sababu vitu viwili alivyovitaja vinaweza kuwadhuru mbwa na watoto. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, na yeyote aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua jinsi vidole vinavyobabuka. Mbwa akiyalalia, akiyakanyaga na kisha kujilamba nyayo, ataungua kinywa na tumbo. Salfa ni dawa ya mikorosho na ibaki shambani. Vumbi lake huwasha macho na koo, na haina kazi yoyote juu ya mkojo uliokwisha kuzama ardhini.

Sasa nijibu swali lako la kwanza, maana ukilielewa hilo, mengine yatakuja yenyewe. Mkojo mbichi wa mbwa mwenye afya hauna harufu kali. Ndani yake kuna kitu kiitwacho yurea, na bakteria walioko ardhini ndio wanaoivunja na kuigeuza kuwa amonia, yaani ile hewa inayowasha macho. Bakteria hao wanahitaji unyevu. Wakati wa kiangazi jua la Mtwara hukausha mkojo upesi, maji yakapotea hewani, lakini yurea na chumvi nyingine zikabaki kati ya chembe za mchanga. Ndoo zako mbili za kila asubuhi hazikuziondoa. Zilizisukuma chini kwa kina cha kiganja hivi, zikakaa hapo zikingojea. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili umekuwa ukiweka akiba bila kujua. Mvua ya kwanza ililowesha akiba yote kwa mara moja, bakteria wakaamka, na kwa kuwa hewa ya msimu wa mvua ni nzito na yenye unyevu, na usiku upepo hutulia, amonia haikuwa na pa kwenda isipokuwa mlangoni pako.

Majivu yaliongeza harufu kwa sababu yanafanya kazi kinyume cha asidi. Amonia ikiwa mahali penye asidi hushikwa ndani ya maji, na ikiwa mahali penye majivu, magadi au chokaa hurushwa hewani. Chooni majivu husaidia kwa kuwa hukausha kinyesi, lakini juu ya mkojo ni kosa. Kuhusu klorini, namshukuru Mungu kwamba ulitoka salama. Klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya kloramini, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini yenyewe, na zote mbili huumiza mapafu. Kama ni lazima kuitumia kuua vijidudu, sakafu iwe imekwisha kuoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kabisa, milango iwe wazi, na isichanganywe na kitu kingine chochote.

Kwa hiyo, mwanangu, harufu hii hutaifunika kwa kitu chochote unachokimwaga juu yake. Inabidi uitoe pale ilipozama. Chukua jembe na toroli, siku ambayo haikunyesha, uondoe udongo wote unaozunguka banda kwa kina cha sentimita 15. Kabla hujajaza mchanga mpya, fanya jaribio hili: chukua konzi moja ya udongo kutoka chini ya shimo, iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mimina maji ya uvuguvugu kidogo, funga kwa dakika kumi, kisha fungua na unuse. Ikiwa pua inawasha, ondoa sentimita 5 nyingine na ujaribu tena. Usiamini macho, kwa maana mchanga uliojaa mkojo na mchanga safi huonekana sawa. Udongo utakaoutoa unaweza kuutandaza chini ya miti ya shambani, kwa kuwa yurea ni mbolea, lakini usiuweke kwenye bustani ya mchicha wala mahali watoto wanapocheza, nami nitaeleza sababu.

Sababu ni minyoo. Kinyesi kinapaswa kuokotwa kila siku, na si kwa ajili ya harufu peke yake. Mayai ya minyoo ya safura ya mbwa huanguliwa ndani ya siku moja au mbili katika mchanga wenye joto na unyevu, na baada ya wiki moja hivi viluwiluwi vyake vinaweza kupenya ngozi ya mtu aliyekanyaga peku, vikatembea chini ya ngozi na kuacha mistari inayowasha vibaya sana. Nimewaona watoto wenye mistari hiyo nyayoni na makalioni. Ukiokota kila jioni, unakatiza safari yao kabla haijaanza, na nzi nao wanakosa mahali pa kutagia. Chimba shimo la kina cha mita moja, angalau mita 30 kutoka kisima chochote, chako au cha jirani, na kila unapotupa funika kwa udongo. Ndani ya shimo hilo, ambamo mbwa hawafiki, chokaa inaruhusiwa. Mbwa wenyewe wapewe dawa ya minyoo kwa ratiba atakayokupangia afisa mifugo wa kata yako.

Jambo la mwisho kwa leo ni mahali pa banda. Umesema liko kaskazini, nawe umeona kilichotokea wakati wa kusi. Upepo wa kusi hututokea upande wa kusini mashariki na kaskazi hututokea upande wa kaskazini mashariki, kwa hiyo katika misimu yote miwili harufu husukumwa kuelekea magharibi. Ikiwa upande wa magharibi wa ua wako hauna nyumba ya mtu iliyo karibu, banda lihamie huko.

Fundi wa Mikindani

Shikamoo mzee wa Lindi, na pole dada. Mzee ameeleza udongo kwa ukamilifu, nami nitasema juu ya saruji, ambayo ndiyo kazi yangu.

Watu wengi hudhani kwamba sakafu ya saruji haipitishi kitu. Saruji ina matundu madogo sana, na sakafu iliyomwagwa kwa haraka, ikawekwa mchanga mwingi na kumwagiwa maji siku moja tu badala ya wiki, hunywa mkojo kama mkate mkavu unavyonywa chai. Jaribu kumwaga kikombe kimoja cha maji juu ya sakafu yako ikiwa kavu. Yakikaa juu na kutiririka, sakafu ni nzuri. Yakififia na kuacha doa jeusi ndani ya dakika mbili tatu, sakafu inakunywa.

Fagia kwanza ikiwa kavu. Osha kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, suuza, kisha mimina siki iliyochanganywa na maji, kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji, uiache kwa dakika 15 na usuuze tena kwa maji mengi. Usiiache zaidi ya hapo, kwa sababu asidi hula saruji pole pole. Ndimu au mbirimbi zilizopondwa zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa eneo dogo, kama pembe ya ukuta. Sakafu ikikauka kabisa, ambayo ni siku mbili tatu za jua, ipigwe niru safi, yaani uji wa saruji, ili kuziba matundu, na imwagiwe maji kwa siku saba.

Hapa ninataka kutoa tahadhari kwa wenzetu wa Mikindani na wote wenye nyumba za zamani. Ukuta wa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa usiguswe kabisa na siki wala ndimu. Dondosha tone moja la siki juu ya jiwe la matumbawe uangalie: litatoa povu, na povu hilo ni jiwe lenyewe linaloyeyuka. Niliitwa mwaka juzi kwenye nyumba moja huku kwetu ambako mwenye nyumba alikuwa akiusafisha msingi kwa siki kila wiki kwa sababu ya paka waliokuwa wakikojoa hapo, na nilipopitisha kidole kati ya mawe, chokaa ilimwagika kama unga wa muhogo. Kuta za namna hiyo zioshwe kwa sabuni isiyo kali na maji kidogo, zipigwe na jua, na kinachobaki kifanyike upande wa ardhi.

Dada, kuna jambo lingine ambalo ninaliona kuwa kubwa kuliko yote niliyosema. Maji yako unayomwaga asubuhi yanakwenda wapi? Ukimwaga ndoo mbili na ua hauna mteremko, maji yanatuama chini ya banda na mengine yanapita chini ya ukuta kwenda kwa bibi. Bibi huyo anasali pale. Kwa Mwislamu, maji yaliyopita kwenye mkojo wa mbwa ni najisi, na yakifika barazani kwake hayamletei kero ya pua tu, yanamharibia pia mahali pa ibada. Sakafu ya banda iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, upimwe kwa pima maji na si kwa macho, uelekee mbali na ukuta wake. Mwisho wa mteremko chimba shimo la kunyonya maji, lenye upana wa mita moja na kina cha mita moja na nusu, ujaze mawe makubwa chini, kokoto katikati na mchanga mkubwa juu. Kwa udongo wa kichanga wa Chuno litanyonya vizuri. Shimo hilo nalo lifuate umbali aliousema mzee kutoka kisimani.

Mkazi wa Newala

Nimesoma kwa makini, na ninashukuru kwa elimu hii. Huku juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako maji tumeyahangaikia tangu enzi za babu zetu na wengi bado tunategemea ya kuvuna kwenye mapaa, kuambiwa tuoshe ua kila siku ni kuambiwa jambo lisilowezekana. Kwa hiyo nitaeleza tunavyofanya kwa maji machache, huenda ikamfaa dada na wengine.

Tunaukamata mkojo kabla haujazama. Chini ya banda tumetandaza makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, tabaka la kina cha kidole kirefu, na juu yake chenga za mkaa ambazo wauza mkaa sokoni hutugawia bila malipo. Makumbi hunyonya, na chenga hushika harufu. Kila asubuhi ninapiga koleo pale palipolowa, ninaondoa na kujaza mapya, kazi isiyozidi dakika tano. Kila Jumamosi tunaondoa yote. Maranda ya seremala yanafaa pia, ila uliza ni ya mti gani, kwa sababu vumbi la mpingo huwasha ngozi ya watu na ya mbwa vilevile.

La pili ni namna ya kupata mahali pa siri. Mimi nina duka, na ninayo ile tochi ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia. Usiku mmoja nilizima taa ya nje nikaipitisha uani, nikaona madoa ya mkojo yakimetameta kwa rangi ya kijani na manjano mahali ambapo sikupafikiria kabisa: nyuma ya pipa la maji, kwenye mguu wa meza ya kuoshea vyombo, na chini ya ngazi. Tulikuwa tukisafisha banda kila siku ilhali nusu ya harufu ilitoka kwingine. Weka kijiti kila unapoona doa, kisha asubuhi ufuate vijiti. Nge nao humetameta kwa mwanga huo, kwa hiyo vaa viatu na uangalie unapokanyaga.

Mama wa Chuno (Mtwara)

Shikamoo mzee, na asanteni sana ndugu zangu. Nimemsomea mume wangu majibu yenu yote, na amekubali tusubiri. Upande wa magharibi wa ua wetu kuna njia ya watu na ng'ambo yake ni kiwanja kitupu, hivyo banda litahamia huko.

Nina maswali mawili mafupi. Je, mbwa watakubali kukojoa mahali papya, au watarudi pale pale pa zamani? Na kuhusu chakula: tunawapa ugali kwa dagaa na vichwa vya samaki, na jirani mwingine ananiambia kwamba harufu inatokana na samaki, niwape maji kidogo ili wakojoe kidogo. Je, ni kweli?

Mstaafu wa Mifugo (Lindi)

Marahaba, binti yangu, na fundi wetu wa Mikindani marahaba. Nimefurahi kwa jambo la maji yanayopita chini ya ukuta, kwa sababu sikulifikiria.

Usiwanyime mbwa maji hata siku moja. Mbwa asiyekunywa hukojoa mkojo mzito, wenye rangi ya chai ya rangi, na huo ndio unaonuka zaidi, mbali na kumuumiza figo. Bakuli la maji safi liwepo kivulini mchana kutwa. Vichwa vya samaki na dagaa huongeza harufu ya kinyesi kuliko ya mkojo. Huna haja ya kuviacha, lakini vipike, na mabaki yasilale kwenye chombo, kwa kuwa sehemu ya harufu ya mabanda mengi niliyoyatembelea ilitoka kwenye sufuria ya chakula isiyooshwa. Ukiona mkojo una damu, au mbwa anachuchumaa mara kwa mara na kutoa matone, au harufu ya mkojo mbichi imebadilika ghafla, huyo ni mgonjwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu mahali papya, mbwa huongozwa na pua. Chagua eneo dogo karibu na banda jipya, hatua mbili kwa mbili, lijaze mchanga na kokoto ndogo, na kabla hujatupa udongo wa zamani weka humo koleo moja tu la udongo huo. Wapeleke hapo kwa kamba kila asubuhi na kila jioni baada ya kula, ungoje, na wakimaliza wasifu. Jike ataelewa ndani ya siku chache. Dume huweka alama zake juu ya vitu vilivyosimama, kwa hiyo msimikie gogo katikati ya eneo hilo. Dume aliyehasiwa hupunguza sana tabia ya kuweka alama, na kama huna mpango wa kuzalisha, ningekushauri uzungumze na daktari.

Mama wa Chuno (Mtwara)

Zimepita wiki tano, nami nimeona ni haki yenu kupata taarifa.

Tulianza Jumamosi moja asubuhi, mume wangu, kijana wa jirani na mimi. Kuzunguka banda la zamani tulitoa sentimita 15, nikafanya jaribio la kopo, na nilipofungua mfuniko nilirudi nyuma hatua mbili. Tukatoa 5 nyingine, bado. Ilibidi tufike sentimita 25 chini ya ukuta wa bibi, mahali ambapo maji ya ndoo yalikuwa yakituama, ndipo kopo likatoa harufu ya mchanga tu. Toroli zilikuwa 31. Sikuwahi kufikiri kwamba mkojo wa mbwa wawili unaweza kushuka hivyo.

Nilimtembelea bibi kabla hatujaanza, nikamweleza tutakachofanya na nikamwomba ruhusa ya kuangalia upande wake wa ukuta. Kwa kweli tuliona mstari wa unyevu, wenye upana wa kiganja, ukitokea chini ya tofali la mwisho na kuelekea barazani. Alikuwa ameufunika kwa kipande cha bati na hakuwahi kutuambia. Tuliutoa udongo wa upande wake pia, tukamwekea mchanga mpya, na fundi akaziba chini ya msingi. Mvua zote zilizofuata sijaona unyevu hapo, na bibi amerudisha mkeka wake mahali alipokuwa akikaa zamani.

Sakafu ya saruji ya mlangoni pa jikoni ilikuwa inakunywa, kama fundi wa Mikindani alivyosema. Kikombe cha maji kilipotea kabla sijahesabu hadi sitini. Imeoshwa na imepigwa niru. Banda jipya lina mteremko na shimo la kunyonya maji, na chini tumeweka makumbi na chenga za mkaa. Tochi ya noti niliazima kwa mwenye duka, nikakuta madoa kwenye pipa la maji, kama kule Newala.

Juzi ilinyesha usiku kucha. Alfajiri nilifungua mlango wa jikoni nikasimama kizingitini kwa muda, na kilichonifikia kilikuwa harufu ya ardhi iliyolowa na moshi wa kuni wa majirani. Hakuna aliyezungumza tena nyumbani kwetu habari ya kuwatoa mbwa.

Limebaki jambo moja. Dume anatumia gogo lake vizuri, lakini bado hulipitia shina la mpapai ulio pembeni mwa ua kila anapofunguliwa, na hapo harufu ipo kidogo. Nikichimba kama kule kwingine sitauua mpapai?

Mstaafu wa Mifugo (Lindi)

Utauua, mwanangu, kwa kuwa mizizi ya mpapai iko juu juu. Kwangua sentimita 3 tu kwa mkono, si kwa jembe, uweke mchanga mpya na mboji kidogo, na siku ambazo hazina mvua umwagilie ndoo moja pole pole mara mbili kwa wiki, ili mkojo uliobaki ushuke ambako mizizi itautumia. Kisha zungushia shina uzio wa fito wenye kimo cha kiuno, upana wa hatua moja kila upande, ili dume asiweze kulifikia. Uache kwa miezi miwili, mpaka pua yake isahau. Mapapai yanayoanguka chini yaoshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Mama wa Chuno (Mtwara)

Asante, mzee wangu. Fito ninazo, nitauweka kesho.